Shajara ya darasa: mizani, bando na cherehani

Jumatatu, mwanzo wa Oktoba

Nimeamua. Darasa la kutunga mashairi kwa njia ya mtandao litaanza Novemba. Vipindi sita, kila wiki kimoja, watu wasiozidi kumi na wawili. Wazo lilianza kwa jamaa mmoja aliyeko Muscat, aliyeniomba nimtazamie shairi alilotunga kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Nilimrudishia na maelezo ya sauti kwenye WhatsApp, naye akajibu kwamba maelezo yamemfaa kuliko masahihisho yenyewe, na kwamba wapo wenzake watatu wangelipia kusikia zaidi.

Hilo "wangelipia" limenikaa kichwani. Mimi nala kwa vitabu vya watoto na kuhariri miswada ya watu, na malipo ya kazi hizo hayana ratiba. Mswada wangu mwenyewe wa hadithi za wanyama uko kwa mchapishaji tangu Mfungo Mosi na sijasikia neno.

Naandika shajara hii ili nijue kazi imefika wapi, maana nyumba hii ina tabia ya kumeza mipango. Tunaishi Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Chumba cha mbele ni cha mke wangu, ambaye ni fundi cherehani. Ana mashine mbili, ya umeme na ya kukanyaga, na wateja wanaoingia bila kubisha hodi kwa kuwa mlango wa fundi ni mlango wa wote. Meza yangu iko kona ya ukumbi, kati ya friji na mlango wa uani. Hapo ndipo ofisini.

Jana nilimweleza mpango. Alikuwa na sindano mdomoni, akasikiliza mpaka mwisho, akaitoa na kuuliza: "Utafundishia wapi?" Sikuwa na jibu, hivyo hilo ndilo jambo la kwanza kwenye orodha.

Alhamisi

Muhtasari wa kwanza ulitoka na mada kumi. Nilianza na historia, kama wanavyoanza wote: Muyaka bin Haji wa Mombasa, Mwana Kupona wa Siyu na utendi wake wa 1858, Shaaban Robert wetu aliyezaliwa 1909 hapo Vibambani, kisha Amri Abedi na kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha 1954. Halafu istilahi: mshororo (mstari wa shairi), ubeti, ukwapi, utao, mwandamo, ukingo, mwanzo, mloto, kimalizio, kituo. Nilipofika hapo nikaona nimeandika upya kitabu cha sekondari.

Binti yangu yuko kidato cha pili na mtihani wao wa taifa umekaribia. Nimemuuliza ukwapi ni nini, akajibu bila kupepesa: kipande cha kwanza cha mshororo. Utao? Kipande cha pili. Nikamsomea mishororo miwili, mmoja mzima na mwingine niliouvunja makusudi kwa kuongeza silabi moja katikati, nikamwuliza upi unachechemea. Akaniangalia. "Baba, nisome mwenyewe kwenye karatasi nihesabu." Anahesabu vizuri kabisa kwa kalamu. Kwa sikio hajawahi kufundishwa.

Basi nimelipata darasa langu. Nitafundisha masikio. Mada kumi zimebaki sita: mizani (hesabu ya silabi), vina (silabi za mwisho zinazofanana), utendi, shairi la mishororo minne, kituo na kibwagizo (mshororo unaofunga ubeti na ule unaorudiwa), na mwisho mashairi huru, yasiyofungwa na mizani wala vina. Historia itaingia pale inapohitajika, mtu akitajwa kwa sababu ya mshororo wake. Istilahi nazo zitatolewa baada ya sikio kukubali, kama risiti hutolewa baada ya malipo.

14 Oktoba, sikukuu ya Mwalimu Nyerere

Watoto wote wako nyumbani, na mke wangu ana oda ya sare za kitchen party zinazotakiwa kesho. Asubuhi nimepelekwa Deep Sea kwa baiskeli kununua samaki, nikarudi na changu wawili, nazi, na bili ya nyuzi niliyotumwa njiani. Kuparua samaki ni kazi yangu hapa nyumbani. Ilianza kama msaada wa siku moja na sasa ni cheo.

Redio ya jirani ilikuwa inarusha hotuba za Mwalimu. Watu humkumbuka kwa siasa, wakamsahau mtu aliyekaa akafasiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili, Julius Caesar na The Merchant of Venice, akiwa na nchi nzima ya kuendesha. Mimi nina friji na mlango wa uani tu, na muda bado sioni.

Nilichofanikisha leo ni orodha ya maneno ya kipindi cha kwanza. Nataka yale yanayowatatiza watu pale M au N inaposimama peke yake. Mtu, mbili: m-tu. Nchi, mbili: n-chi. Mtoto, tatu. Lakini ndizi ni mbili, wala siyo tatu, kwa sababu ile nd huenda na i. Mbuzi, mbili: mbu-zi. Mbu naye mbili: m-bu. Mbuzi na mbu wana mizani sawa, na hilo nitalisema dakika tano za mwanzo kwa sababu watu wakishalicheka hawalisahau.

Kisha neno "binti". Kwenye mazungumzo mtu atasema silabi mbili. Fungua utendi wa Mwana Kupona, pale anapomwita mwanawe: "Negema wangu binti". Ne-ge-ma, wa-ngu, bi-n-ti. Mizani nane kamili, na bila kuihesabu ile n mshororo unapungukiwa na mmoja. Mshororo mmoja wa mama wa Siyu umemaliza ubishi ambao mimi ningeueleza kwa kurasa mbili. Huo nitauweka karibu na mwisho wa kipindi, wakiwa tayari wamegombana kuhusu "maktaba" na "labda".

Ijumaa

Jaribio la kurekodi. Ukumbini sauti inarudi kama nimo kisimani: sakafu ya saruji, kuta tupu, dari la bati bila ubao. Uani kuna jogoo wa jirani asiyejua saa. Chumbani kwetu feni, na bila feni Tanga ya Oktoba haikaliki.

Mke wangu ndiye aliyefungua kistoo anamohifadhi majora ya vitambaa. Ni chumba kidogo, upana wa mikono miwili, rafu pande tatu hadi juu: poplini, satini, vitenge, khanga za doti, na gunia la vipande vya cherehani. Nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia, nikasoma ubeti. Sauti haikurudi. Nilisikia hata ulimi wangu ukigusa meno kwenye "th". Vitambaa vinakunywa mwangwi wote, na kelele za mashine zinafika kwa mbali tu, kama nyuki nyuma ya ukuta. Harufu ya wanga wa kitambaa kipya inapanda kichwani baada ya robo saa, na joto ni la tanuri, lakini sauti ni ya studio.

Nimerekodi noti nne za sauti, kila moja dakika tatu hivi. Hakuna inayofika hata MB 1. Linganisha na video: kipindi cha video cha watu wengi hula GB nzima au zaidi kwa saa moja, kutegemea ubora wa picha. Wanafunzi wangu wa Muscat na London wana waifai nyumbani, lakini wawili walioulizia nafasi wako Lushoto na Kigoma na bando lao ni la wiki. Nimeamua uti wa mgongo wa darasa uwe noti za sauti. Video iwe ya kuonana tu.

Nilipotoka jasho linanitiririka, mteja mmoja alikuwa amekaa akisubiri kupimwa. "Shikamoo shemeji. Kumbe umefungiwa stoo?" Kabla sijajibu, fundi akajibu kwa niaba yangu: "Anafundisha."

Jumapili

Nilikuwa nimepanga darasa liwe Jumamosi saa 2 usiku. Nimekwisha kupiga hesabu za saa za nchi zote na kuandika tangazo. Jioni nikamsomea mke wangu, akaacha kula.

"Jumamosi? Ngamiani hii? Novemba?"

Akaenda kuleta daftari lake la oda. Yeye ndiye anayeshona sare za shughuli za mtaa, hivyo kalenda ya ndoa anayo yeye kabla hata ya shehe. Wiki ya pili ya Novemba, harusi mbili barabara yetu, moja ina turubai litakalofunga njia kabisa. Wiki ya tatu, mkesha. Wiki ya nne, kitchen party nyumba ya tatu kutoka hapa, na muziki wameshalipia. Desemba usiseme. Spika za shughuli hazitambui kistoo cha vitambaa. Zile hutikisa mpaka vikombe kabatini.

Darasa limehamia Jumapili, baada ya Isha. Mtaa huwa umechoka, watu wanahesabu michango na kurudisha masufuria ya kuazima. Kwa wa Muscat Jumapili ni siku ya kazi, maana wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, lakini saa 3 usiku kwao watakuwa wamesharudi. Nimefuta tangazo, nimeandika jingine.

Jumatano

Habari mbaya halafu nzuri, na zote zimeletwa na binti.

Mpango wangu ulikuwa tugonge meza pamoja. Mimi nagonga, wao wanagonga, kila mzani kofi moja, kama tulivyofundishwa madrasa kwa sauti moja. Tukajaribu kwenye Zoom, yeye akiwa chumbani na simu, mimi ukumbini na kompyuta, pamoja na mdogo wangu aliyeko Dar. Kwanza, makofi hayakusikika kabisa. Nilionekana napiga meza kama bubu aliyekasirika. Programu inachukulia mlio wa vidole ni kelele ya nyuma ya chumba, inaufuta, inaacha maneno tu. Binti akaingia kwenye mipangilio akatafuta sehemu ya kuruhusu sauti halisi ipite bila kuchujwa, na makofi yakarudi.

Pili, yaliporudi, yalirudi kila moja kwa wakati wake. Nikigonga "ni" ya cherehani, Dar wanagonga "ha" na chumbani wanagonga "re". Sauti huchelewa njiani kwa sehemu ya sekunde, na sehemu hiyo ya sekunde ndiyo hasa mizani inapoishi. Kuimba pamoja au kugonga pamoja kupitia mtandao wa kawaida hakuwezekani, hata uwe na bando la mfalme.

Tumejaribu njia nyingine. Mimi peke yangu nabaki na maikrofoni wazi, wengine wanazima zao na kugonga huko huko walipo wakinifuata. Kila mmoja anasikia yangu na yake tu, na kwake zinalingana. Kisha kila mtu anarekodi mshororo wake na kuutuma. Kwa kweli imetoka bora kuliko nilivyopanga, kwa sababu anayekosea anakosea faraghani, na watu wazima hawapendi kuchekwa. Mdogo wangu, ambaye ni mhasibu na hajawahi kutunga hata barua ya mapenzi, aligonga mizani kumi na sita za mshororo wa kwanza bila kuteleza.

Muda: akaunti ya bure ya Zoom inakata mkutano wa kundi kwenye dakika 40. Nilifikiria kulipia, nikaacha. Dakika 40 za sikio zinatosha; mtu akizidisha hapo anasikiliza heshima tu.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba

Darasa la majaribio, watu wanne. Watatu waliingia saa 2 usiku barabara. Dada wa London akaingia saa 3, tumeshaagana. Nilimtumia saa ya Tanga siku kumi nyuma, akaipigia hesabu ya tofauti ya saa mbili, na usiku wa kuamkia leo Uingereza wamerudisha saa zao nyuma. Sasa tofauti ni tatu. Alicheka, akasema miaka yote hiyo huko bado saa zao zinamhadaa kila Oktoba na kila Machi.

Marekani nao watarudisha zao Jumapili ijayo, ya kwanza ya Novemba. Kwa bahati darasa lenyewe linaanza baada ya hapo. Nimeandika jedwali na kulibandika kwenye kundi: saa 2 usiku ya Tanga, Nairobi na Lushoto, saa 1 usiku Kigali, saa 3 usiku Muscat, saa 11 jioni London, saa 5 asubuhi Minneapolis. Nimeongeza na tarakimu za saa 24 kando ya kila moja, 20:00, 19:00, 21:00, 17:00, 11:00, kwa sababu kijana wa Minneapolis amezoea saa za huko na nilihofia ataisoma saa 5 kama 05:00, aamke alfajiri kunisubiri.

Kilichokwenda vizuri: mbu na mbuzi. Kilichokwenda vibaya: nilizungumza mno. Nimesikiliza rekodi nikiwa naosha vyombo, na mke wangu akisikiliza kutoka mashineni, akatoa hukumu: "Unasoma kama taarifa ya habari. Soma kama unavyomsomea huyu mdogo." Kitinda mimba wetu yuko darasa la nne, na usiku humsomea hadithi zangu za wanyama ili nione wapi anasinzia. Nimesikiliza tena kwa sikio hilo. Ni kweli, natamka kama mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi.

Jumanne

Umeme umekatika tangu adhuhuri. Mashine ya umeme imenyamaza, ya kukanyaga inaendelea, na mimi nimefunga kompyuta kulinda chaji. Nimetunga ubeti wa mfano kwa kipindi cha nne nikifuata mwendo wa kile kikanyagio:

Cherehani yanguruma, nami darasa nangoja,
Mteja ameegama, asimulia vioja,
Umeme nao wagoma, na kiza kimeshakuja,
Mwalimu sitalalama, hata akija mmoja.

Nane kwa nane, kina cha kati "ma", cha mwisho "ja". Rasimu ya kwanza ilikuwa na "moja", "pamoja" na "mmoja" katika mwisho wa mishororo mitatu. Vina vilitimia, lakini ni neno moja limevaa kanzu tatu, na mshairi wa sokoni angenizomea. Nimezihifadhi rasimu zote mbili. Nitawapa ya kwanza bila kusema kitu, nione nani atalalamika.

Jioni nimeongea kwa simu na mwanafunzi mtarajiwa kutoka Kigali anayetaka mashairi huru peke yake. Anasema mizani ni pingu. Hoja hii ina umri: Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974 ilipiganwa magazetini na vyuoni kwa miaka, na bado haijafa. Mimi sina ugomvi na mashairi huru; nayaandika. Ila Kezilahabi aliyaacha mapigo ya zamani akiwa anayasikia, na ndiyo maana mistari yake inapokatika unahisi imekatwa na mtu. Wengi wanaoandika huru leo mistari yao imekatwa na upana wa skrini. Nilimwambia hivyo, kwa maneno laini kidogo. Akakaa kimya, akauliza ada ni kiasi gani. Atakuja.

Ijumaa

Ada: shilingi 60,000 kwa vipindi sita, au 10,000 kwa kipindi kwa anayelipa kidogo kidogo. Walioko nje wanatuma kupitia ndugu zao hapa nchini, na ndugu nao hawakosi "ya kutolea". Nafasi zimejaa isipokuwa moja. Mwanamke mmoja wa Lushoto aliomba alipe mwisho wa mwezi, auze mboga kwanza. Nimemkubalia. Shairi alilotuma kuomba nafasi lilikuwa bora kuliko ya wote, na halikuwa na nukta hata moja.

Mengine ya nyumbani: mdogo amemaliza mtihani wake wa darasa la nne, anasema ulikuwa rahisi, jambo linalotutia wasiwasi. Friji inavuja. Mchapishaji amejibu, anataka hadithi mbili zipunguzwe na picha za fisi ziongezwe. Nimeiweka kazi hiyo baada ya alfajiri, kabla watu hawajaamka. Saa ile peke yake ndiyo haina mteja.

Kuhusu swali la "utafundishia wapi": jibu limekuwa mkataba. Jumapili kuanzia saa 1 na nusu usiku hadi saa 3, kistoo ni changu. Fundi hataingia kuchukua jora, na mashine ya umeme itazimwa. Ya kukanyaga ataruhusiwa akiwa na oda ya dharura. Nami, kwa upande wangu, nitabeba vitambaa vyote vipya kutoka sokoni mpaka Desemba. Nilijaribu kupunguza kipengele hicho. Hakikupungua.

Jumapili, kipindi cha kwanza

Walioingia ni kumi na mmoja, kati ya kumi na wawili. Kigoma hakuwa na mtandao, nimemtumia noti za sauti.

Kistoo kilikuwa moto kiasi kwamba simu ilitoa onyo la joto kabla yangu. Binti alikaa nje ya mlango na kompyuta akiruhusu watu kuingia na kuzima maikrofoni zilizosahaulika. Kwa mmoja tulisikia kikao kizima cha familia kuhusu mahari kabla hajafikiwa. Sikuanza na historia wala kujitambulisha kwa kirefu. Nilianza na mbu.

Mabishano ya "maktaba" yalidumu dakika saba: wanaohesabu tatu dhidi ya wanaohesabu nne, Nairobi wakiongoza upande mmoja na Muscat upande wa pili. Nikawaacha. Kisha nikasoma "Negema wangu binti" mara tatu, nikigonga rafu kwa kidole, polepole. Mara ya tatu dada wa London akafungua maikrofoni bila ruhusa: "Ina n! Ile n inahesabiwa!" Niliwaeleza Mwana Kupona alikuwa nani: mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mgonjwa, anamwachia bintiye wosia. Sentensi mbili. Walikuwa tayari na sababu ya kuzisikiliza.

Dakika ya 40 ilitukata nikiwa katikati ya kwaheri. Kazi ya nyumbani niliituma kwa sauti: mshororo mmoja, mizani kumi na sita, juu ya mahali ulipokulia, na uusome huku unagonga.

Jumatatu

Noti tisa zimeingia mpaka sasa. Nimezisikiliza nikiwa naparua vibua. Saba zimetimia. Mmoja ana mizani kumi na nne na sauti nzuri mno, inambeba mpaka ukidhani imetimia. Huyo nitampa kazi ya kusoma bila kuimba.

Wa Minneapolis ndiye aliyenishughulisha. Ametuma: "Nakumbuka nyumbani kwetu, mawimbi yakivuma." Jumla ni kumi na sita, na kwa kalamu angepata vema. Lakini kipande cha kwanza kina tisa na cha pili saba, na ukigonga, mkono unafika ukingoni kabla ya neno. Sikumwambia hesabu. Nilimrudishia mshororo wake mwenyewe nikiugonga kwenye ubao wa kuparulia samaki, mara mbili, nikamwuliza mkono wake ulitaka kupumzika wapi.

Jibu limekuja saa 5 usiku, mchana kwao, na mlio wa meza unasikika nyuma ya sauti: "Napakumbuka nyumbani, mawimbi yanapovuma."

Nane, nane. Nimemjibu kwa makofi, na sasa naandaa vina vya Jumapili. Kesho kabla ya hapo nina majora mawili ya satini ya kubeba kutoka sokoni.